Damu Ambayo Asajile Hakuiomba

Bwana Yesu asifiwe. Mimi Rubeni, baba mdogo wa marehemu, nimetumwa na familia kusoma, na mwenye la kunong'ona namwomba alitue kwanza.

Asajile Hezron alizaliwa tarehe 14 Julai 1986 hapa Igamba, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu Hezron na marehemu Ferista, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza sekondari mwaka 2004, kisha akaenda chuo cha maabara Mbeya, na ni huko, tarehe 9 Machi 2007, wanafunzi wakipimana, maji ya damu yake yalipogandisha damu ya kila mwenzake wa kundi O, ingawa yeye mwenyewe alisomeka O.

Alitueleza kwa uvumilivu kwamba damu yake ni ya kundi adimu, kwamba baba na mama kila mmoja alibeba kinasaba kimoja chenye kasoro, kikafichwa na kizima, wao wasijue, ila yeye akarithi vyote viwili vyenye kasoro, hivyo angeweza kumpa damu karibu kila mtu lakini apokee kwa mwenye damu kama yake tu. Alipowapima wadogo zake, akampata mmoja, Imelda.

Mwaka 2009 aliajiriwa maabara, kituo cha afya Mlowo, akachangia damu kila aliporuhusiwa, na wengine mliokaa hapa mnatembea nayo. Kazini alikwenda kwa miguu, akiogopa ajali ya bodaboda, nasi tukamcheka kuwa ni bahili wa nauli. Hakuoa wala hakuacha mtoto, alipika na kula peke yake, na nakiri hatukumtembelea vya kutosha.

Tarehe 11 Februari 2025 alianza kutapika damu kwa vidonda vya tumbo, akalazwa Mbeya. Watu thelathini na wanane walitoka Mlowo wakakunja mikono ya mashati, damu zao zote zikakataa, madaktari wakatafuta hadi Dar es Salaam bila kupata. Imelda alikuwa kwake Itaka, mjamzito wa miezi minane, naye Asajile, akili timamu, alinishika mkono akanikataza nisimpigie simu, akasema, baba mdogo, huyo tayari ana wa kumlisha. Sikumpigia. Alifariki tarehe 14, saa kumi alasiri.

Tangu juzi inasemwa kwamba Imelda alimnyima kaka yake damu, na hata hapa msibani ameachiwa mkeka peke yake. Hakumnyima. Hakuulizwa. Aliyejua na kunyamaza ni mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wafanyakazi wenzake, na wale thelathini na wanane. Kina mama, kabla hatujanyanyua jeneza, nawaomba mkakae na binti yetu.

Asajile, pumzika kwa amani.