Saruji ya Ash End: Maisha ya Marehemu Wilfred Borrett

Mchungaji wetu, majirani wa Cransley Green, ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ninawasomea maisha ya baba yetu mkubwa, Wilfred Horace Borrett, ambaye mwenyewe aliagiza historia yake isiwe ndefu na isiwe na uongo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, katika chumba cha juu cha nyumba ya shamba ya Ash End, hapa hapa Suffolk, akiwa kifungua mimba wa Mzee Horace na Bi Edith, katika nyumba ambayo mafundi wa kale waliiunda kwa mwaloni mbichi, nguzo na boriti zikashikana kwa vigingi vya mbao, kuta zikakandikwa udongo juu ya fito, na kwa kuwa mwaloni mbichi hukauka ukijipinda utakavyo, nyumba nzima iliegemea upande wa bwawa, na tufaha likianguka sebuleni lilikwenda lenyewe hadi jikoni.

Alisoma kuanzia mwaka 1943 hadi 1953, akisifiwa kwa hesabu na kuadhibiwa kwa kuchelewa, kisha akalima shayiri na kufuga ng'ombe pamoja na baba yake, ambaye kila mwezi Mei alizipaka kuta chokaa kwa mkono wake, wala hakuruhusu kitu kingine kuzigusa.

Tarehe 4 Juni 1960, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Doreen Thurlow, binti wa mwoka mikate, na Mungu akawajalia Hilary, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1962, na Martin, tarehe 17 Aprili 1966. Hilary alikuja na baridi ile ambayo wazee waliopo wanaikumbuka, theluji ikakaa hadi Machi, upepo ukapenya kila ufa, na kifua cha mtoto kikawa hakitulii. Mwezi Juni 1963 Mzee Horace alipata kiharusi, akapoteza kauli, akalazwa, na mwezi Agosti, angali hospitalini, kuta zote za Ash End zikapigwa saruji kwa nje, nyumba ikapata joto, mtoto akaacha kukohoa. Mzee alirudishwa Septemba, akafariki tarehe 2 Desemba.

Tarehe 3 Oktoba 1988 fundi seremala Len Kerridge alichomeka bisibisi katika boriti ya chini inayobeba nyumba, ikazama hadi kwenye mpini, kwa sababu maji yaliingia kwenye nyufa za saruji yakakosa pa kutokea, na mwaloni uliostahimili miaka mia nne ukaoza kwa ishirini na mitano. Len, ambaye hajawahi kupunguza ukali wa ulimi, akauliza, "Nani huyo mpumbavu aliyeivalisha nyumba koti la mpira?" na baba mkubwa akatazama viatu vyake, akajibu, "Mzee aliagiza, kabla hajaugua."

Tangu siku hiyo babu yetu aliitwa Horace wa Saruji katika kila baa ya hapa, na baba yangu Stanley, mdogo wake marehemu, aliyekuwa jeshini ng'ambo mwaka ule wa 1963 na hakuwa na la kubishia, aliacha kabisa kwenda baa. Mkaguzi alishauri nyumba ibomolewe, marehemu akakataa katakata, na kwa miaka kumi na minane, yeye na Len, walibandua saruji ukuta kwa ukuta, wakakata palipooza, wakaunga mwaloni mpya kwenye wa zamani, na marehemu akakanyaga udongo, majani makavu na mavi ya ng'ombe kwa miguu mitupu huku wanawe wakiziba pua, hadi mwaka 2006 nyumba ikasimama imara, yaani imara kwa kuegemea kwake.

Marehemu alianza kuugua moyo mwaka 2019. Tarehe 28 Januari mwaka huu aliniita kitandani akasema, "Clive, andika. Saruji niliweka mimi. Baba hakuagiza kitu. Aliporudi alitolewa nje kwa kiti, akaugusa ukuta, akanitazama, na sauti hana. Isome kanisani, wote wasikie." Nimeisoma. Alifariki nyumbani tarehe 11 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 85.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi waliopanda ngazi zetu na kugonga vichwa kwenye boriti bila kunung'unika, majirani kwa keki na kuni, wakulima wenzake, na Len, aliyelichonga jeneza hili kwa mwaloni na kukataa kusifiwa.

Historia ilikuwa iishie hapo, lakini leo asubuhi mama mkubwa Doreen aliisoma mezani, akaniambia sijamaliza. Akasema, "Andika niliomba mimi. Nililia wiki nzima, nikamwambia ziba huo upepo, la sivyo nachukua mtoto narudi kwa mama. Alijua baba yake angekataa. Kafanya kwa ajili yangu, kisha kanificha miaka sitini, hata wewe hakukwambia. Basi na mimi nitajwe, sitaki azikwe nayo peke yake."

Mama mkubwa, tumekutaja. Na wewe baba mkubwa, huna tena wa kumficha, pumzika sasa kwa amani.