Matairi Manne Tangu Asubuhi

"Matairi manne tu, mzee wangu! Kubalansi ni kuyazungusha kwenye mashine, kugongelea vile vyuma vidogo upande ulio mwepesi, basi. Ndiyo kazi ya kutwa nzima hiyo?"

Mama wa kiti cha mbele cha basi alikuwa anarudi gereji, na safari hii hatoki bila gari lake jeupe la mlango wa bluu. Mzee wa kofia aliyeketi kando yake hakumjua yeye wala fundi wake, ila majibu alikuwa nayo.

"Usimharakishe fundi, mwanangu. Akimaliza lazima alijaribu gari barabarani, asikie kama usukani bado unatetemeka."

"Kulijaribu mpaka jioni?"

"Fundi makini hurudia."

Nyuma yao, fundi cherehani alitega sikio huku ameupakata mfuko wenye gauni la mteja, lililongojewa tangu mwezi juzi. Roho yake yote ilikuwa upande wa gereji.

"Nikimpigia simu ananiambia, 'Dada, namalizia.'"

Fundi cherehani akageukia dirishani. Leo asubuhi naye alisema hivyo hivyo.

Basi likasimama kwenye taa. Ubavuni likasimama gari jeupe la mlango wa bluu, ndani watu wamebanana, juu godoro limefungwa kamba.

Mama akainuka, akatupia mkoba begani.

"Labda," mzee akasema kwa sauti ndogo, "analijaribu na mzigo."

"Dereva, nifungulie mlango."

Fundi cherehani akausukumia mfuko wake chini ya kiti.