Perege wa Sanduku la Kioo

Lori lilipoondoka Mlowo, Tumpe alikaa juu ya magunia ya mahindi, amekumbatia kibuyu cha maji ya kwao Iyula. Alikuwa bibi harusi anayemfuata mumewe Tunduma. Watu wa kwao husafiri na maji ya nyumbani ili tumbo lisishtuke ugenini, lakini yeye alikuwa amejiapia kunywa hayo tu, na yakiisha aombe kurudishwa.

Mbele yake mpishi mmoja alichota kikombe cha maji kwenye ndoo yenye perege hai, akakimwaga, kisha akatia kikombe cha maji ya chumvi.

"Baba, unamuua huyo," alisema mama mmoja mwenye kuku.

"Namzoeza, mama. Bwana wangu ana sanduku la kioo la maji ya chumvi, na samaki wake wa pwani wamekufa wote. Perege ni mgumu, lakini hata yeye ukimtumbukiza ghafla hamalizi siku. Anataka kidogo kidogo."

"Angeulizwa, angebaki mtoni."

"Nani kati yetu aliulizwa?"

Mama akamsogeza kuku wake, akachungulia ndoo. Kisha akasema, "Hata hivyo, mfunike. Jua kali."

Lori likasimama Tunduma, wale wawili bado wanabishana juu ya kifuniko. Efraimu alimpokea mkewe mzigo, akataka kukimwaga kibuyu.

"Acha," alisema Tumpe. "Leo nitakunywa ya kwetu. Kesho unichanganyie kidogo ya kwenu."