Fortunata Ignatius Ngwale, Aliyepanda Pori Mitole

Ndugu, majirani, na nyote mlioacha ufuta juani mkaja Mitole leo Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025: poleni kwa safari, poleni kwa msiba.

Marehemu Fortunata Ignatius Ngwale alizaliwa Kipatimu tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ignatius Ngwale na marehemu Bi Antonia. Kwa mama yake ndiko alikojifunza kuchimba ming'oko, hivi viazi vyembamba vya porini ambavyo mgeni akiviona hudhani ni mizizi. Bi Antonia alikuwa mkali. Unakata vya kula, kichwa chenye mche unakirudisha shimoni, unafukia. Asiyefukia hakuchota chunguni.

Alisoma shule ya msingi huko huko, kuanzia 1975 hadi 1981. Akiwa darasa la tano mwalimu aliwaambia wataje mazao ya biashara. Wenzake wakataja korosho, wakataja pamba. Yeye akasema ming'oko. Darasa zima likacheka, na mwalimu naye. "Keti, Fortunata. Hicho ni chakula cha njaa." Aliketi, lakini kwenye daftari hakufuta. Hakuchaguliwa kuendelea, kama wengi wa rika lake.

Tarehe 26 Septemba 1987 alifunga ndoa na Faustino Mbonde, akahamia hapa Mitole. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kazi yake wengi mnaijua, maana mmeila. Daraja la Rufiji lilipokwisha na mabasi ya Lindi kuongezeka, mwaka 2005 alijitwika beseni la ming'oko iliyochemshwa akaenda kuketi Nangurukuru, ubavuni mwa Bi Kidawa Shamte aliyekuwa akiuza maandazi.

"Mwenzangu," Bi Kidawa akamwambia, "watu wa Dar watakula mizizi?"

"Meno si wanayo?"

Abiria wa kwanza alichungulia dirishani. "Mama, hiyo dawa ya nini?"

"Ya njaa. Chumvi hii hapa, menya ule."

Alikula, akamwita na dereva. Toka siku hiyo basi lile lilikuwa linasimama lenyewe. Miaka haikupita mingi, wanawake zaidi ya ishirini wa Mitole wakawa wanachimba na kupeleka barabarani. Nyumba zikapata bati, watoto wakapata sare, na wanaume waliokuwa wakicheka wakaanza kuazimisha baiskeli.

Hapa hatufichi, maana mwenyewe hakuficha. Wanunuzi walipoanza kuja na magunia, kila mmoja akawa na haraka, na haraka hiyo aliianzisha yeye. Asubuhi moja, muda wa basi ukiwa umekaribia, aliwaambia wenzake, "Acheni mashimo, tutafukia kesho." Kesho hiyo haikufika. Ikawa ndiyo desturi: watu wanang'oa na kichwa, wanatupa, wanakimbilia shimo jingine. Kufikia 2016 pori la jirani lilikuwa mashimo matupu, mbuzi wanavunjika miguu. Wanawake wakawa wanatembea kutwa nzima kwa nusu beseni. Wengi wakaacha. Kila alipoulizwa ming'oko imekwenda wapi, Fortunata alijibu, "Niliwaambia kesho."

Mzee Faustino alifariki Mei 2018. Mwaka uliofuata Fortunata alikwenda Kipatimu akarudi na vichwa vya ming'oko ndani ya magunia yaliyoloweshwa maji, akavipanda kwenye ekari aliyoachiwa na mumewe. Vichaka hakuvifyeka, kwa sababu mng'oko unataka pa kutambaa. Mji mzima ukapata la kusema. Shemeji yake, Frank Mbonde, alimfuata hadi shambani.

"Shemeji, shamba limekuwa pori. Wenzio wanapanda ufuta."

"Ndivyo lilivyo hilo, shemeji."

"Watu wanacheka. Wanasema Fortunata anapanda pori."

"Waambie waje wacheke na majembe mkononi."

Hawakuja. Miaka minne hakuchimba hata kiazi kimoja. Mwaka 2023 alichimba beseni moja tu, akafukia kila shimo kwa mkono wake, akagawa vichwa kwa wanawake waliotaka. Waliotaka walikuwa saba. Wengine walisema wataona kwanza.

Kisukari kilikuwa kimeshamshika. Kidonda cha mguu wa kulia hakikukubali dawa, na Oktoba 2024 mguu ulikatwa. Aliporudi nyumbani alikuwa akimtuma binti yake Witness shambani, kisha anamhoji kama polisi: nani kapita, nani kachimba, mashimo yakoje. Wiki mbili za mwisho hakuuliza tena. Aliaga dunia nyumbani kwake Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi.

Jana mchana ukoo ulikaa. Frank, ambaye ekari ile ilikuwa ya marehemu kaka yake, alitaka ifyekwe msimu huu. Witness alisema ataacha kazi yake huko Masoko arudi kuitunza, ila hawezi peke yake. Wakakubaliana shamba lisiguswe hadi arobaini. Siku hiyo, Jumapili tarehe 20 Julai, tutakutana hapa hapa, na kila aliyekula kwa jasho la Fortunata aje na jembe lake, maana mche umeshakauka na ndio wakati wa kuchimba. Tukitosha, litabaki. Tusipotosha, Frank ana mbegu za ufuta ndani, na hatutakuwa na la kumwambia.

Marehemu ameacha watoto watatu, Witness, Deo na Rosa, wajukuu watano, dada yake Hamida, aliyeolewa Kivinje, shemeji yake Frank, na Bi Kidawa, rafiki yake wa miaka ishirini, ambaye mabeseni yao yalikaa ubavu kwa ubavu Nangurukuru.

Alichoka sana. Bwana ampe kupumzika.