Uso wa Bi Radi Haukatwi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Anayekaanga apunguze moto. Anayegombana na mwenzake asubiri tumalize, ugomvi hauozi. Leo tunamkumbuka mtu, na wakubwa wangu hapa wameniambia nimkumbuke kwa ufupi. Kwa ufupi! Huyu mama hakufanya jambo lolote kwa ufupi maisha yake yote, na mimi sitamuanzishia leo.

Alikuwa fundi cherehani. Nataja hilo kwanza kwa sababu ndiyo kazi iliyomlisha yeye na watoto wa watu wengine. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe na binti yake wakiwa kando ya kitanda. Figo zilikuwa zimemsumbua muda mrefu. Lakini wengi wenu mnamjua kwa jina lingine. Mnamjua kama Bi Radi. Ndiye huyo huyo. Ndiye aliyetunga, akashona na kuigiza ile filamu ya Bi Radi na Jiji la Chini ya Ardhi. Fundi cherehani na Bi Radi ni mtu mmoja.

Tuanze alikoanzia. Alizaliwa katika chumba kilichopakana ukuta na ukumbi wa sinema. Enzi hizo zilikuwepo sinema za mfululizo. Kila Jumamosi kipande kimoja tu. Shujaa ananing'inia kwenye jabali, vidole vinateleza, na hapo hapo taa zinawashwa. Rudi wiki ijayo! Mama yake alikataa kabisa asiingie mle. Alisema mna giza na wahuni. Basi mtoto akawa anasikiliza ukutani. Anasikia muziki, mbio za farasi, bunduki, na sauti ya mwanamke akipiga ukelele. Akimaliza kusikiliza anachora alichodhani kimetokea, kwenye karatasi za vipimo vya nguo ambazo mama yake alikuwa akizitupa.

Mdogo wake wa kiume, anayepiga video za harusi, nilimtembelea juzi msibani. Aliniambia hivi: "Dada alikuwa na hakika kwamba yule mwanamke anayepiga ukelele ndiye shujaa. Akipiga ukelele, majambazi wanatimua mbio. Alimchora hivyo miaka na miaka. Siku aliyoingia ndani mara ya kwanza, akamkuta yule mwanamke amefungwa kamba relini, analia, anasubiri mwanamume amfungue. Dada alitoka amenuna. Akasema, 'Wamekosea.' Hakusema yeye ndiye aliyekosea. Walikosea wao!"

Mnamsikia mtu huyo? Sinema ilitengenezwa na watu wazima, wenye mitambo na pesa zao, na mtoto wa jirani anasema wamekosea. Hakubadilisha kauli hiyo hadi Jumanne.

Alikua, akaolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, akafungua chumba chake cha kushonea. Alishona sare za shule, magauni ya harusi, mapazia, kila kitu. Na mlangoni, kila Jumamosi, alibandika ukurasa mmoja wa katuni aliyoichora mwenyewe. Mwanamke aliyevaa barakoa na joho jekundu, anapambana na Profesa Kutu, mwovu wa chuma anayetaka kulizamisha jiji zima chini ya ardhi. Huyo ndiye Bi Radi. Kila ukurasa uliishia pabaya. Yuko kisimani, maji yanapanda. Yuko kwenye puto, puto limetoboka. Wateja walikuwa wanapeleka nguo nzima kutengenezwa. Mimi mwenyewe nilipeleka suruali isiyo na kasoro. Akaitazama, akanitazama, akasema, "Toka hapa. Keshatoka kisimani, nenda kasome mlangoni uniache nifanye kazi."

Alikuwa amepita miaka hamsini alipoamua kutengeneza filamu. Watu walimcheka. Walisema mama kachanganyikiwa, kazi imemshinda, sasa anatafuta umaarufu uzeeni. Yeye akaendelea kushona joho. Mdogo wake akashika kamera. Binti yake, ambaye ni muuguzi, akawa anafanya sauti zote: radi, mlango wa chuma, nyayo. Mumewe akawa Profesa Kutu. Vazi la Profesa Kutu alilichomelea mwenyewe kutoka kwenye pipa, na kofia yake ilikuwa ndoo yenye matundu mawili.

Mzee aliniambia kwa sauti ndogo, macho mekundu, lakini alicheka. "Ndani ya ile ndoo sisikii kitu. Mke wangu anapiga kelele, 'Kufa! Kufa sasa!' Mimi bado napigana tu. Kumbe nimeshauawa zamani."

Sasa nisikilizeni kuhusu ukuta. Kuna mahali Bi Radi anapanda jengo refu kwa mikono mitupu. Wao jengo refu watalitoa wapi? Basi alichora matofali na madirisha kwenye shuka, akashona shuka nyingi pamoja, wakazitandika chini uani. Mdogo wake akapanda juu ya paa la jiko na kamera, akaielekeza chini. Dada mtu akalala kifudifudi juu ya shuka na kutambaa, huku anahema, huku anajifanya anateleza. Ukiitazama, unaapa kwamba mama wa watu yuko juu angani. Mikono ilinitoka jasho, wallahi.

Ila siku hiyo walisahau kufunga banda. Wakati Bi Radi yuko ghorofa ya juu kabisa, kuku akakatiza ukutani. Kuku mzima, anatembea juu ya madirisha, anadonoa tofali, anakwenda zake. Hakuna aliyemwona kwa sababu wote walikuwa wanamtazama mama. Walimgundua baadaye kabisa, wakati joho limeshachanika na shuka zimeshafuliwa, rangi yote imetoka. Mdogo mtu alitaka kulia. Dada akasema, "Mwache. Jiji lote liko hatarini, kuku naye asitoroke?"

Kuku akabaki.

Na mwisho wa filamu, wasikilizaji wapendwa, ndio kiini cha yote. Profesa Kutu keshaanguka. Jiji limeokoka. Watu wanauliza, wewe ni nani? Bi Radi anaweka mkono kwenye barakoa, anaivua. Ndani yake ni nani? Ni yeye. Mama mtu mzima, ana mvi, ana mikunjo, jino moja la mbele halipo. Anaitazama kamera na kucheka kabisa kabisa, pengo lote nje. Basi. Filamu imekwisha.

Aliipeleka kwenye ukumbi wa sinema, ule ule wa utotoni mwake. Mwenye ukumbi aliitazama yote. Akasema inafaa, watu wataipenda, ila kuna mambo ya kukata. Kuku akatwe. Na uso wa mwisho ukatwe.

"Uso una nini?" akamuuliza.

"Mama, tusidanganyane," mwenye ukumbi akasema. "Watu wamekaa kitini wanamsubiri mrembo. Hawatoki nyumbani kwao kuja kumwona shangazi yao. Nina msichana hapa, sura nzuri, tumpige picha avue yeye. Dakika moja tu."

"Filamu nzima nimetambaa mimi. Nimezama mimi. Ikifika kuonekana, aonekane yeye?"

"Mama, mwenye nguvu mpishe."

"Njia ni pana. Mimi sipishi."

Akaondoka. Lakini alikuwa amemwachia yule bwana nakala. Wiki chache baadaye, tangazo likabandikwa mjini. Bi Radi na Jiji la Chini ya Ardhi! Na kwenye picha ya tangazo, msichana mrembo, barakoa mkononi, midomo imepakwa rangi. Msichana ambaye hakuwahi kukanyaga pale uani. Nasema haya kwa hasira, na sitapunguza sauti.

Binti yake anasema siku hiyo mama yake hakula. Alikaa mbele ya cherehani bila kushona. Kisha akamwambia, "Mwanangu, niletee joho langu. Na uzi mwekundu, limechanika begani."

Jumamosi ile mimi nilikuwepo ukumbini. Nilikaa safu za katikati. Ukumbi ulijaa. Watu walipiga makofi, watoto walisimama juu ya viti. Ukuta ukapandwa, kuku hayupo, sisi hatukujua kama kuna kuku. Tukafika mwisho. Mkono ukagusa barakoa. Na hapo picha ikakatika, yakatokea maandishi, MWISHO, pamoja na picha ya yule mrembo.

Hapo mtu mmoja akainuka kwenye viti vya nyuma. Joho jekundu, barakoa usoni. Akashuka polepole katikati ya viti, kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua. Tulidhani ni sehemu ya onyesho. Tukapiga makofi. Akapanda mbele, akasimama mbele ya pazia la sinema, ile picha ya mrembo ikamwangukia mwilini. Akaweka mkono kwenye barakoa. Akaivua.

Mama wa watu amesimama pale, mvi zimelowa jasho, na pengo lake. Akasema, "Ni mimi. Kama mmeona ameanguka kisimani, nilianguka mimi. Nimekuja kuwaonyesha mwisho, mwenye ukumbi kaufungia kabatini." Halafu akacheka, kile kicheko cha kwenye filamu.

Kisha mwanamke mmoja, muuza nyanya, mtu mzima kama yeye, akasimama juu ya kiti na kupiga ukelele. Lo! Ukumbi mzima ukalipuka. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Mwenye ukumbi alitoka mbio kuwasha taa, akamwambia ashuke. Akamjibu, "Nishushe wewe."

Hakumshusha. Nani angethubutu?

Jumamosi iliyofuata ile filamu iliyokatwa ikaonyeshwa tena, na Bi Radi akaenda tena. Na iliyofuata tena. Kila ilipoonyeshwa, alikwenda, magoti na yote. Mwenye ukumbi hakurudisha uso. Hakuomba radhi. Aliacha tu kuionyesha. Na mama akaibeba filamu yake nzima, yenye kuku na pengo, akaionyesha kwenye madarasa ya shule, kwenye gereji, kwenye nyua za watu, juu ya shuka nyeupe. Alisema, "Ionekane nzima, au isionekane." Neno hilo alilirudia mbele yangu zaidi ya mara moja. Nzima, au isionekane.

Sasa tufike kwenye wiki hii. Jumatano, siku moja baada ya mama kufa, simu iliita nyumbani kwa wafiwa. Ni televisheni. Wanataka kumuenzi. Wanataka kuionyesha Bi Radi Jumamosi usiku, nchi nzima itaona. Binti yake alilia kwa furaha, aliniambia mwenyewe. Kisha akauliza, "Mnayo ipi?" Wakasema wanayo ile fupi. Ile iliyokatwa. Akasema atawapelekea ile nzima. Wakamwambia hapana dada, ile fupi ndiyo nzuri, mwisho wa ile nyingine unaharibu, na tangazo lenye mrembo limeshaandaliwa. Wakamwambia afikirie vizuri. Akikataa, nchi nzima haitamjua mama yake.

Nilimuuliza, ukajibuje? Yule binti ni mpole, anaongea chini chini kama watu wa wodini. Akanijibu, "Niliwaambia hapana. Baba alikuwa amekaa pale, akaniambia, rudia, hawajasikia. Nikarudia. Hapana. Zamani mama akikatwa, aliinuka mwenyewe. Safari hii hawezi kuinuka. Sasa tunainuka sisi."

Wasikilizaji wapendwa, televisheni hiyo ni ya nyumba hii hii ninamozungumza. Ghorofa moja juu yangu. Ndiyo sababu nikaambiwa niseme kwa ufupi, nisiguse habari ya uso. Bosi wangu, najua unasikiliza, gari lako lina redio. Mimi na wewe tutaonana baada ya kipindi, na nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu. Ila nakuomba neno moja: ile filamu fupi usiirushe. Mwenyewe hakuikubali, na wenye msiba wamekataa. Usimkate mtu aliyelala kaburini.

Ninyi wengine, filamu nzima itaonyeshwa Jumamosi alasiri, kwenye chumba chake cha kushonea na uani kwake. Mdogo wake anafunga mitambo. Hakuna kiingilio. Njooni na viti vyenu.

Kwako mzee, fundi wa kuchomelea, Profesa wetu: pole sana, baba. Umemzika mwenzako na bado una nguvu ya kusema rudia, hawajasikia. Kwako dada muuguzi, na kwako mpiga kamera, poleni kwa kufiwa na mama na dada. Mwenyezi Mungu awape subira, naye ampumzishe pema.

Na wewe unayenisikiliza huko jikoni, dukani, kitandani. Yuko mtu nyumbani kwenu anayefanya kazi yote, na ukifika wakati wa picha anaambiwa asogee pembeni. Unamjua. Usinijibu mimi. Nenda kamwite kwa jina, mwambie asimame katikati.