Komeo la Upande wa Nje

Mheshimiwa Waziri wa Kazi, uliyeacha shughuli zako ukaja, Ndugu Mkurugenzi, ndugu wakaguzi mlio kazini na mliotangulia kustaafu, mume wa mstaafu na watoto wake, mliokubali kumgawana na serikali kwa miaka thelathini, nanyi wageni waalikwa: nawasalimu nyote kwa heshima.

Walioniweka kwenye ratiba wanajua kuwa sijui kusifu bila kugombana. Wamejitakia.

Katiba yetu inakataza utumwa. Inakataza kazi ya shuruti. Sheria ya usafirishaji haramu wa binadamu inamfunga jela anayemrubuni mtu kwa ahadi ya kazi kisha akamgeuza mali yake. Ni maneno mazuri, na nimeyanukuu gazetini mara nyingi hadi mke wangu akaniuliza kama niliyatunga mimi. Lakini katiba ina miguu? Inaweza kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, ikabisha hodi?

Mstaafu wetu, mkaguzi wa kazi, alipanda. Waajiri walimbandika jina Mama Milango, kwa kejeli, kwa sababu akifika kiwandani hakuanza na mafaili. Alianza na mlango. Aliufungua, akaufunga, akatazama komeo liko upande gani. Hata wenzake walimtania kuwa alipotea njia, kazi yake ilikuwa useremala.

Sasa niungame. Miaka tisa iliyopita nilialikwa kwenye kiwanda cha kushona sare za shule. Mwenyeji alikuwa na wiki nzima ya kujiandaa. Nilikuta sakafu inang'aa, mikataba imetiwa saini, mafundi ishirini na wawili wameinamia cherehani. Nikaenda nyumbani nikaandika makala ndefu kumsifu mwajiri anayewalaza na kuwalisha wasichana wake "kama baba". Maneno hayo ni yangu, siwezi kuyakana. Fundi mmoja ndiye aliyeniletea soda. Nikamwambia ana bahati. Akajibu, "Ndiyo, baba," akitazama chini. Mimi, bingwa wa kuandika juu ya utumwa, niliona adabu.

Mama Milango aliisoma makala ile, akapigia mstari neno moja tu: "anayewalaza". Akajiuliza, mtu anayelala kazini anatokaje? Siku ya pili alipanda ngazi zile zile, bila barua, bila simu. Kwenye mlango wa bweni akakuta komeo la chuma, upande wa nje. Siku ya ziara yangu lilikuwa limeng'olewa skrubu zake nne, na matundu yamefunikwa kwa kalenda. Nakumbuka kalenda ile. Niliisifia picha yake.

Mwajiri alijitetea kuwa mtaa una wezi, na yeye anawalinda mabinti.

"Kumbe wezi wako ndani?" Mama Milango akamuuliza. "Maana umefunga kwa nje."

Vitambulisho vyao vyote vilikuwa kwenye droo ya mwajiri. Fundi wa soda hakuwa amemwona mama yake kwa miaka mitatu. Alipokabidhiwa kitambulisho aliuliza jambo moja, kama akitoka atarudishwa. Akajibiwa, "Hakuna wa kukurudisha, mwanangu. Shika chako, tushuke." Wakashuka wote ishirini na wawili, na mwajiri akapelekwa mahakamani, akafungwa.

Fundi yule yumo humu. Leo ana duka lake la ushonaji, na gauni alilovaa mstaafu ni kazi ya mikono yake. Amechagua kiti cha karibu na mlango, na mlango ameuacha wazi. Aliponiona amenisalimu vizuri, kisha akaniuliza kama aniletee soda. Nilistahili.

Mheshimiwa, mezani kwako kuna waraka unaosubiri saini. Unataka mkaguzi atoe taarifa siku saba kabla ya kufika. Wanauita ustaarabu. Mimi nilikwenda kwa taarifa, nikarudi na makala. Yeye alikwenda bila taarifa, akarudi na watu. Skrubu nne hazihitaji siku saba; zinahitaji bisibisi na dakika tano.

Hata hivyo sikuja na kilio. Safu ya nyuma wamekaa wakaguzi wapya kumi na wanne. Nilisimama pale nje nikiwatazama wakiingia. Kila mmoja ameupapasa mlango wa ukumbi huu kabla ya kutafuta kiti. Sheria imeota miguu, Mheshimiwa. Tusiikate.

Na kuhusu zawadi. Mahakama ilipomaliza kulitumia lile komeo kama ushahidi, wakaguzi waliliomba, wakalipachika kwenye ubao wa mninga ili wampe mstaafu leo. Asubuhi amelikataa. Amesema, "Mimi nimeshalijua. Mpeni Mheshimiwa, aliweke juu ya ule waraka."

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza. Mheshimiwa, karibu ulipokee. Tumia mikono miwili, ni zito.