Mlango Uliokosa Nyumba: Kumuaga Msimamizi Đoàn Văn Khuê

Baada ya miaka thelathini na minne ya kusimamia saiti za kampuni yetu hapa Hải Phòng, Mzee Đoàn Văn Khuê anastaafu tarehe 30 Septemba 2026. Wasifu wake nilikuwa nimeshauandika, umejaa vichekesho, na mhariri wa jarida hili alikwisha kuupitisha. Jumapili jioni niliuchana. Huu mnaousoma ni wa pili.

Vichekesho vyenyewe sikuvitupa vyote. Baba Mkubwa, kama sote tunavyomwita, alikuja mwaka 1992 akitoka chuo cha ufundi, akapewa saiti ya ghala bandarini, na tangu hapo ofisini anaonekana siku ya kusaini tu. Asubuhi hufika kabla mlinzi hajachemsha chai. Huzunguka saiti nzima akitikisa majukwaa ya mafundi kwa mikono yake miwili, kisha huinama kwenye nondo. Akikuta waya umelegea, zege halimwagwi. Lori litanguruma, dereva atatukana, mteja atapiga simu, naye ataendelea kuinama mpaka aridhike. Baadaye kuna jirani aliyekuja na ufagio kulalamikia vumbi, kuna wingu linalotisha upande wa bahari, kuna mchanga ulioletwa ukiwa na udongo. Yote humpitia yeye, na jioni ndiye hufunga lango.

Kwa kofia ngumu hana utani. Fundi akionekana bila kofia, mtaa mzima unasikia: "Wewe! Hicho kichwa ulikinunua wapi, kwamba kikipasuka utaenda kuchukua kingine?" Mkurugenzi wetu alifika siku moja amevaa kandambili, akazuiwa langoni mpaka dereva wake alipomwazima viatu vyake. Na yupo mteja aliyehamisha ngazi mara tatu kwenye ramani, kwa sababu kila mpiga ramli aliyemwendea alimwambia lake. Baba Mkubwa alimtazama akasema, "Bwana, chagua mpiga ramli mmoja umuoe, tumalize kazi."

Sasa niseme la Jumapili.

Maseremala wa saiti ya shule waliamua kumpa zawadi ya mlango. Walitumia mapumziko yao ya mchana kuuchonga kwa mbao za mfenesi, una maua ya yungiyungi, mzito kiasi cha kubebwa na watu wanne. Hakuna aliyejiuliza utawekwa wapi. Mtu aliyejenga nusu ya mji huu atakosaje nyumba? Tena kila majira ya baridi alituletea kabichi na figili, akisema zimetoka kwake.

Ofisi ilitupa anwani, tukaupakia mlango kwenye gari dogo la mizigo: mimi, maseremala, na Bi Nhàn, mpishi wetu wa saiti. Anwani ilitufikisha uchochoroni, kwenye duka la tambi za kaa. Mwenye duka alitutazama, akautazama mlango.

"Mzee Khuê? Ni mpangaji wangu wa juu."

"Mpangaji?" Bi Nhàn aliuliza, kana kwamba ametukanwa.

"Miaka kumi na tisa sasa. Lakini hilo dude halipiti, ngazi yangu ni nyembamba."

Tuliuegemeza mlango ukutani tukapanda. Kilikuwa chumba kimoja. Kitandani alikaa mama yake, Bibi Thoan, mwenye miaka tisini, anatafuna tambuu. Madhabahu ya marehemu baba yake yalikuwa juu ya friji. Picha, bakuli la ubani, machungwa matatu, juu ya friji! Kila friji iliponguruma, picha ya mzee ilitetemeka. Sikujua niweke wapi macho yangu.

"Khuê hayupo," Bibi Thoan alisema. "Kaenda kiwanjani kumwagilia kabichi."

"Kiwanja kipo, Bibi?"

"Kiwanja kipo tangu zamani. Nyumba ndiyo haipo. Kila mwaka wake mwema ukifika, na nyinyi mnafika."

Wenzangu wa Hải Phòng mmeshaelewa, lakini jarida hili husomwa na wageni pia. Kwetu mtu hajengi mwaka wowote tu. Umri wa mwenye nyumba, kwa hesabu ya mwaka wa mwezi mwandamo, lazima uwe mwema kwa kujenga. Ukiwa mbaya, unaazima umri wa mwanamume mwingine. Yeye ndiye huwasha ubani na kupiga jembe la kwanza, nyumba huhesabiwa yake, nawe siku hiyo unajificha mbali. Nyumba ikiisha unainunua tena kwake kwa kiasi cha kununua kahawa. Ubaya ni mmoja: aliyeazimisha hawezi kuutumia umri huo kujijengea mwenyewe. Hungoja mwaka mwingine mwema, na huenda ukachukua miaka kurudi.

Bibi Thoan alinielekezea kidole chenye rangi ya tambuu. "Wewe si Tuyển? Wewe ndiwe wa mwaka 2013."

Ndimi. Mke wangu alikuwa mjamzito, umri wangu ulikuwa mbaya, nikamwendea Baba Mkubwa. Alisema, "Chukua, mdogo wangu, mimi sina haraka." Mimi nikanywa bia kibandani huku yeye akinipigia jembe. Nilidhani ana nyumba tayari. Wallahi, sikuuliza!

"Na huyu ni wa mwaka jana," Bibi akasema. Bi Nhàn alikaa sakafuni. Dhoruba iling'oa paa lake, umri wa mumewe haukufaa, naye Baba Mkubwa akatoa wake, wa mwisho mwema kwa miaka mingi. Tulikuwa watu sita ndani ya chumba kile, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

Hapo tukasikia sauti chini: "Nani kafunga bawaba hii? Imepinda!" Baba Mkubwa alikuwa amerudi, kabichi mkononi, anaukagua mlango. Alipopanda na kuona nyuso zetu, alielewa.

"Mama, umesema."

"Nimesema. Ulitaka nife nalo?"

Mimi nikasema. "Baba Mkubwa, mwaka huu nina arobaini na tatu kwa hesabu ya mwezi. Ni mwema. Uchukue kabla mwaka mpya wa Tết haujaingia."

"Acha mchezo. Una watoto wawili, kesho utataka kuongeza ghorofa."

"Ghorofa itangoja."

"Tuyển, mimi sikukuazima ili unirudishie."

"Najua. Ndiyo maana naona aibu."

Alipangusa udongo kwenye kabichi. Aliyelimaliza shauri ni Bibi Thoan. "Chukua, Khuê. Baba yako amechoka kukaa juu ya friji."

Amechukua. Mkurugenzi ametoa saruji, mafundi wametoa mikono yao, na mlango umehifadhiwa ghalani, bawaba imeshanyooshwa. Msingi utaanza kuchimbwa siku ya nane ya mwezi wa kumi wa kalenda yetu, na jembe nitalishika mimi. Kwa desturi, mwenye nyumba haruhusiwi kuonekana kiwanjani asubuhi hiyo. Amejaribu kutubembeleza: eti achungulie tu kamba za msingi kutoka nyuma ya ukuta wa jirani. Tumekataa. Bi Nhàn atakaa naye kwenye kibanda cha chai, na akiinuka, atamkalisha.

Baba Mkubwa, ahsante kwa kila jukwaa ulilolitikisa kabla hatujalipanda, na kwa miaka yako myema tuliyoichukua bila kuuliza. Kila la heri, wewe na Bibi na mzee aliye juu ya friji. Miaka thelathini na minne umetutangulia saitini kila asubuhi. Siku ya nane, tafadhali, chelewa.

Phạm Quang Tuyển
Msimamizi Msaidizi